Nafuu ya moyo si kupona

KATIKA mitaa ya Nguvumali, mojawapo ya kata za Jiji la Tanga, mgonjwa anayejuliwa hali hujibu kwa maneno mawili yenye adabu: “Nafuu, alhamdulillahi.” Jibu hilo halimaanishi kwamba amepona. Linamaanisha kuwa leo ni afadhali kuliko jana, na ya kesho anayajua Mungu.

Kwa maradhi mengi tofauti kati ya nafuu na kupona haina uzito, kwa kuwa la kwanza hufuatwa na la pili. Kwa mtu ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi sawasawa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo ataendelea kuishi nyumbani na wanawe, au atarudishwa hospitali usiku akiwa hawezi kuvuta pumzi.

Chukulia mfano wa fundi cherehani wa Nguvumali mwenye umri wa miaka 52. Kwa miezi kadhaa alikuwa akikohoa usiku, akadhani ni pumu. Baadaye miguu ikavimba, na kitandani akawa halali ila ameegemea mito mitatu. Alipofikishwa hospitali, kipimo cha eko kilionyesha kuwa moyo wake umetanuka na unasukuma asilimia 25 tu ya damu iliyomo ndani yake kwa kila pigo.

Alipewa dawa akazitumia kwa uaminifu. Baada ya miezi minane kipimo kilirudiwa na asilimia ile ikawa imepanda hadi 52. Fundi akarudi kwenye cherehani yake, akapanda tena baiskeli kwenda sokoni, na majirani wakamshukuru Mungu pamoja naye. Dawa zilipokwisha, hakuona sababu ya kununua nyingine.

Mfano huo ni wa kielelezo tu, lakini njia aliyopita fundi huyo ndiyo wanayopita wagonjwa wengi, na hatua yake ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote.

Moyo kushindwa ni nini

Moyo wa mtu mzima una ukubwa unaokaribia ngumi yake na hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kushindwa kwa moyo hakuna maana ya moyo kusimama. Maana yake ni kwamba moyo hausukumi damu ya kutosha mahitaji ya mwili, au unaisukuma kwa taabu kiasi cha damu kujikusanya nyuma yake, kama foleni inavyojikusanya nyuma ya gari bovu.

Damu hiyo ikikusanyika, maji hupenya na kuingia kwenye mapafu, miguu na tumbo. Ndiyo sababu mgonjwa hubanwa pumzi anapolala chali, hukohoa usiku, na akibonyezwa kwa kidole juu ya kifundo cha mguu, shimo hubaki.

Kipimo kinachotegemewa zaidi kutambua hali hiyo ni eko, yaani picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti. Katika taarifa ya eko huwamo asilimia inayoonyesha ni sehemu gani ya damu iliyomo katika chumba cha chini cha kushoto inayosukumwa nje kwa kila pigo. Hata moyo mzima hausukumi yote. Kiwango cha kawaida ni kati ya asilimia 55 na 70 hivi. Kikifika asilimia 40 au chini ya hapo, moyo huhesabiwa kuwa umedhoofika.

Kwa mujibu wa tafsiri iliyokubaliwa na vyama vya kimataifa vya madaktari wa moyo mwaka 2021, mgonjwa aliyekuwa na asilimia 40 au pungufu huhesabiwa kuwa moyo wake umepata nafuu pale asilimia hiyo inapoongezeka kwa pointi 10 au zaidi na kuvuka 40. Wataalamu hao walichagua neno lenye maana ya nafuu, wakaacha lile la kupona.

Hali ilivyo Tanzania

Ugonjwa huu barani Afrika huwapata watu wakiwa bado wana nguvu za kufanya kazi. Utafiti ulioongozwa na Dk. Abel Makubi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na kuchapishwa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Katika nchi za Ulaya, wengi wa wagonjwa wa aina hiyo wamekwisha kuvuka miaka 70.

Chanzo kikubwa kilichobainika Muhimbili kilikuwa shinikizo la damu, lililosababisha asilimia 45 ya wagonjwa hao kuugua. Kilifuatiwa na magonjwa ya msuli wa moyo wenyewe, asilimia 28, athari za homa ya baridi yabisi kwenye vali za moyo, asilimia 12, na kuziba kwa mishipa inayolisha moyo, asilimia 9.

Takwimu hizo zinabeba huzuni na matumaini kwa pamoja. Huzuni, kwa sababu shinikizo la damu lingeweza kugunduliwa mapema kwa kipimo cha dakika chache tu. Matumaini, kwa sababu moyo uliochoshwa na presha ni miongoni mwa mioyo inayoweza kurudisha nguvu zake ikitibiwa ipasavyo.

Mkazi wa Nguvumali mwenye dalili hizo huanzia katika zahanati au kituo cha afya cha jirani, na akihitaji uchunguzi zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, maarufu kwa jina la Bombo. Mwenye kuhitaji upasuaji au vipimo vya hali ya juu husafiri takriban kilometa 350 hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), ambayo wataalamu wake pia hutoa huduma za tiba mkoba mikoani.

Jinsi moyo unavyopata nafuu

Ili kuelewa kwa nini dawa haziachwi, ni lazima kwanza kuelewa zinafanya nini.

Moyo unapodhoofika, mwili hudhani kuwa unapoteza damu, kama mtu aliyejeruhiwa. Hujibu kwa kumwaga adrenalini na homoni nyingine zinazokaza mishipa na kuziamuru figo zizuie chumvi na maji. Kwa aliyejeruhiwa, jibu hilo huokoa maisha. Kwa mgonjwa wa moyo, ni sawa na kumcharaza punda aliyechoka: kwa muda mfupi ataongeza mwendo, kisha ataanguka.

Msukumo huo ukiendelea kwa miezi na miaka, chumba cha moyo hutanuka, msuli hulegea na makovu madogo madogo hujijenga ndani yake.

Dawa za kisasa hukata mnyororo huo. Mwaka 1987 jaribio lililofanyika katika nchi za Skandinavia lilionyesha kwa mara ya kwanza kuwa enalaprili hupunguza vifo kwa wagonjwa waliozidiwa. Mwaka 1999 ilithibitika kuwa bisoprololi, dawa inayotuliza athari za adrenalini, hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja, na spironolaktoni kwa asilimia 30. Mwaka 2019 dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari, nayo iliingia katika orodha baada ya kuwasaidia hata wagonjwa wa moyo wasio na kisukari.

Mgonjwa anapotumia dawa hizo kwa pamoja, moyo hupunguziwa mzigo. Chumba kilichotanuka huanza kusinyaa kurudi katika umbo lake, na msuli hupata nafasi ya kujikusanya. Kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja. Huchukua miezi mitatu, sita na wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Dozi nazo zina umuhimu wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ukihusisha wagonjwa 1,078 katika nchi 14 zikiwamo za Afrika, ulionyesha faida ya kuongeza dozi haraka katika wiki za mwanzo baada ya mgonjwa kutoka hospitali, chini ya uangalizi wa karibu. Waliofanyiwa hivyo, asilimia 15.2 walifariki au kulazwa tena kwa ajili ya moyo ndani ya siku 180, ikilinganishwa na asilimia 23.3 ya waliopata huduma ya kawaida.

Ikumbukwe kuwa dawa ya kukojosha, inayofahamika kwa wengi kama Lasix, haimo katika kundi hilo. Kazi yake ni kutoa maji yaliyozidi na kumfanya mgonjwa apumue. Haiponyi msuli wa moyo. Mgonjwa anayebaki na dawa hiyo peke yake kwa sababu ndiyo “anayoiona ikifanya kazi” ameshika mkia wa tiba na kuacha kichwa.

Jaribio la London

Kwa miaka mingi madaktari walijiuliza swali lile lile la fundi wa Nguvumali: moyo ukisharudi katika hali ya kawaida, je, dawa bado zina kazi?

Jibu lilipatikana mwaka 2018, pale watafiti wa Hospitali ya Royal Brompton na Chuo cha Imperial, jijini London, walipochapisha matokeo ya jaribio lao katika jarida la The Lancet. Waliwachukua wagonjwa 51 waliokuwa na ugonjwa wa msuli wa moyo uliotanuka. Wote walikuwa wamepata nafuu: hawakuwa na dalili, mioyo yao ilikuwa na ukubwa wa kawaida na ilisukuma asilimia 50 au zaidi.

Wagonjwa 25 walipunguziwa dawa kidogo kidogo hadi kuziacha, na 26 wakaendelea nazo. Katika muda wa miezi sita, wagonjwa 11 kati ya wale 25, sawa na asilimia 44, ugonjwa ulikuwa umewarejea. Miongoni mwa walioendelea na dawa, hakuna hata mmoja.

Kisha wagonjwa 25 wa kundi la pili nao wakaachishwa dawa. Ndani ya miezi sita iliyofuata, tisa kati yao mioyo yao ilirudi nyuma.

Hakuna aliyefariki katika jaribio hilo, kwa kuwa wagonjwa walipimwa mara kwa mara na kurejeshewa dawa mara tu mabadiliko yalipoonekana. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao na mgonjwa anayeacha dawa nyumbani kimya kimya, bila kipimo wala mtu wa kumwangalia.

Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba hapakuwa na njia ya uhakika ya kujua mapema ni nani atakayerudiwa na ugonjwa na ni nani atakayesalimika. Kutokana na matokeo hayo, mwongozo wa tiba uliotolewa na vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani mwaka 2022 uliagiza kuwa mgonjwa ambaye moyo wake umepata nafuu aendelee na dawa hata kama hana dalili yoyote.

Sababu ni kwamba moyo ulioonekana mzima kwenye picha bado una alama za ugonjwa ndani ya msuli wake. Dawa ni kama nguzo iliyoegemezwa kwenye ukuta uliokuwa umeinama. Ukuta sasa umesimama wima, lakini umesimama kwa sababu nguzo ipo.

Si mioyo yote iliyo sawa

Uwezekano wa kupata nafuu hutegemea chanzo cha ugonjwa na muda ulioupata moyo kabla ya tiba. Moyo ulioharibiwa na pombe, iwe ya kiwandani au mnazi, unaweza kupata nguvu iwapo mgonjwa ataacha kunywa kabisa. Vivyo hivyo moyo uliodhoofishwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au na mapigo ya kasi yaliyodumu muda mrefu, tatizo hilo likitibiwa.

Kwa upande mwingine, moyo wenye kovu kubwa baada ya mshipa wake kuziba hupata nafuu kidogo zaidi. Na vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi hairekebishwi na vidonge. Mara nyingi huhitaji upasuaji.

Kundi la kipekee ni la akina mama ambao moyo hushindwa mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Dalili zake hufanana na uchovu wa kawaida wa mzazi, na kwa sababu hiyo wengi huchelewa kutambuliwa. Takwimu za wanawake 739 kutoka nchi 49, zilizochapishwa mwaka 2020, zilionyesha kuwa asilimia 46 mioyo yao ilirudi katika hali nzuri ndani ya miezi sita, na asilimia 6 walifariki.

Hata kwa aliyepata nafuu, ujauzito unaofuata ni mtihani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 uliwafuatilia wanawake 44 waliobeba mimba tena baada ya ugonjwa huo. Miongoni mwa wale ambao mioyo yao ilikuwa imerudi katika hali ya kawaida, asilimia 21 walipata tena dalili za moyo kushindwa. Kwa wale ambao mioyo yao haikuwa imerudi, ilikuwa asilimia 44, na baadhi yao walipoteza maisha.

Kwa hiyo mama wa aina hiyo anashauriwa kuzungumza na daktari kabla ya kushika mimba nyingine. Aidha, baadhi ya dawa za moyo, zikiwamo za jamii ya enalaprili, humdhuru mtoto aliye tumboni, na hubadilishwa mapema.

Kwa nini dawa huachwa

Sababu ya kwanza ni nafuu yenyewe. Mtu aliyezoea kutibiwa malaria kwa dozi ya siku tatu huona ajabu kuambiwa ameze vidonge maisha yake yote ilhali haumwi.

Ya pili ni fedha. Dawa kama enalaprili, bisoprololi na spironolaktoni zimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na hutengenezwa na viwanda vingi, hivyo si ghali kama zile mpya. Hata hivyo, kwa asiye na bima, vidonge vya kila siku pamoja na nauli ya kliniki ni mzigo unaoshindana na karo na chakula. Mgonjwa aliyekwama anashauriwa kumweleza daktari ukweli ili apangiwe dawa anazozimudu, badala ya kuona haya na kuziacha zote.

Ya tatu ni madhara madogo ya dawa. Enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na spironolaktoni huweza kumvimbisha mwanamume matiti. Yote mawili yana ufumbuzi kwa kubadilishiwa dawa. Dawa hizi pia huhitaji kipimo cha damu mara kwa mara ili kuangalia figo na madini ya potasiamu.

Ya nne ni ushauri wa watu. Katika mwambao, mgonjwa hakosi kuletewa habasoda, asali na mizizi ya kila namna. Dua na mapenzi ya ndugu humtia mgonjwa moyo, na hakuna daktari anayeyakataza. Lakini hakuna mti shamba uliothibitishwa kuchukua nafasi ya dawa hizi, na baadhi huweza kuzidhuru figo ambazo tayari zina kazi nzito.

Mwezi wa Ramadhani nao una hadhari yake. Wapo wanaoweza kufunga kwa ridhaa ya daktari, na wapo wasioweza. Mgonjwa anatakiwa kuonana na daktari wake mapema, katika mwezi wa Shaabani, ili saa za kumeza dawa zipangwe upya. Kinachodhuru ni kujipangia mwenyewe.

Yapo pia mambo yanayourudisha moyo nyuma hata kama dawa zinamezwa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kwa urahisi kwa ajili ya mgongo na magoti, huzuia maji mwilini na kuzidisha ugonjwa. Chumvi ni adui mwingine. WHO inashauri mtu mzima asivuke gramu tano kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kiwango ambacho mlo mmoja wa papa au ng'onda pamoja na achari unaweza kukikaribia.

Dalili za kurudi nyuma

Ugonjwa unaporejea, mara nyingi hutoa taarifa kabla ya kubisha mlango. Mizani ni mlinzi wa kwanza. Mgonjwa anashauriwa kujipima kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, na kuandika uzito wake. Ongezeko la kilo mbili ndani ya siku tatu si unene, ni maji.

Dalili nyingine ni viatu kubana jioni, mto wa pili kuhitajika usiku, kikohozi kinachokuja mtu akilala, na kuchoka kwa kazi aliyoiweza wiki iliyopita. Mwenye kuziona anatakiwa kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Anayebanwa pumzi akiwa ameketi, au kuzimia, apelekwe hospitali bila kusubiri kukuche.

Fundi cherehani wa mfano wetu anaweza kukaa miezi mitatu bila dawa na asione lolote, na hapo ndipo atakapoamini kuwa alifanya uamuzi wa busara. Lakini siku atakaposhuka kwenye baiskeli katikati ya njia aliyoizoea, akishika kifua kutafuta pumzi, asilimia zake 52 huenda zikawa zimekwisha kuporomoka, na zitakazorudi baada ya tiba ya pili huenda zisiwe zile zile.

Daktari pekee, akiwa na kipimo mkononi, ndiye anayeweza kupunguza au kubadilisha dawa za moyo. Kwa mgonjwa na jamaa zake, swali la kuuliza siku ya kliniki si “Nimepona lini niache dawa?” bali “Nafanya nini ili nafuu hii idumu?”